RASILMALI YA HALALI KWA MWENYE KUANZA BIASHARA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyegawa riziki kwa hekima yake, akamfanya huyu ana mali na yule ana nguvu, ili watu wahitajiane. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mfanya biashara mwaminifu kabla ya kupewa utume, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kwamba kuchuma halali ni wajibu juu ya mwanamume mwenye watu wa kuwalisha. Na katika miji ya pwani wako vijana wengi wenye akili, mikono na uaminifu, lakini hawana fedha ya kuanzia. Nao wako wazee wenye fedha iliyolala, wala hawana tena nguvu ya kusimama sokoni. Wawili hawa lau wangalikutana kwa njia ya sharia, nyumba mbili zingaliinuka. Lakini mara nyingi hukutana kwa njia ya riba, na mwisho wake moja huanguka, na ya pili hujaa mali isiyo na baraka. Basi waraka huu umekusudiwa kubainisha milango ya rasilmali iliyo halali, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu.

FASLU YA KWANZA: Rasilmali iliyo nyumbani

Jambo la kwanza kwa mwenye kuanza ni kutazama alicho nacho kabla ya kutazama mikono ya watu. Imepokewa na Abu Daud ya kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume s.a.w. kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu. Akajibu kwamba mna tandiko, nusu wakilivaa na nusu wakilitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavitaka, akavinadi mbele ya watu: mmoja akatoa dirhamu 1, mwingine akatoa 2, akauziwa huyu wa pili. Yule Ansari akapewa dirhamu zake 2, moja anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka. Akalileta, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamuru aende akakate kuni na kuuza, asionekane muda wa siku 15. Aliporejea alikuwa amechuma dirhamu 10.

Zingatieni mambo yaliyomo humu. Mtume s.a.w. hakumfukuza, wala hakumpa sadaka ya siku moja ikaisha. Alitoa rasilmali katika mali ya mtu mwenyewe, akatenga chakula cha watu wake mbali na fedha ya kazi, kisha akamwekea muda. Hapo ndipo waanzao wengi huharibikiwa: fedha ya duka na fedha ya mchuzi huwa mfuko mmoja, na duka huliwa jikoni.

Na mfano wa pili ni wa Abdurrahman bin Auf r.a. Alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake Saad bin Rabii alimpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko tu. Akaenda soko la Bani Kainukaa, akaanza na jibini kavu na samli, na haukupita muda mrefu alioa kwa mahari ya dhahabu. Aliyeanza na samli akawa katika matajiri wakubwa wa masahaba. Basi kijana asione haya kuanza na kitu kidogo. Haya ni kumla mtu mali yake.

FASLU YA PILI: Mlango uliofungwa

Katika Sura ya Bakara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba biashara ni halali na riba ni haramu, na katika aya ya 279 wasioacha riba wametangaziwa vita vya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hakuna dhambi nyingine ya mali iliyotajwa kwa tishio kama hili.

Riba siku hizi haiji kwa jina lake. Huitwa ada, huitwa gharama, huitwa shukrani. Mkopo wa simu uitwao M-Shwari, ulipoanza Kenya mwaka 2012, ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwenye kukopa shilingi 1,000 hurejesha 1,075. Hesabu hii huonekana nyepesi. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka hutoa shilingi 900 juu ya shilingi 1,000 ambazo kila mara huzirejesha kamili. Ni muuza samaki gani mwenye faida ya kuhimili hayo na kulisha watoto? Na kanuni ya wanavyuoni ni moja: karadha yenye sharti la manufaa kwa mkopeshaji ni riba, likiitwa jina lolote.

Tanbihi. Pwani hii imejua tangu zamani bei ya khiyari. Mtu humwuzia mwenzake nyumba au shamba kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kwa sharti kwamba akirejesha fedha atarejeshewa mali, na wakati huo huo hubaki humo akilipa kodi. Kodi ile ndiyo faida ya fedha, na nyumba ndiyo rehani. Unguja na Pemba mashamba mengi ya mikarafuu yalitumbukia katika madeni, na bei za namna hii zilikuwa moja katika njia zake, hata serikali ya wakati ule ikatoa sheria mwaka 1934, na nyingine mwaka 1938, ili ardhi isiwatoke wenyewe. Wanavyuoni wa Hadhramaut wameijadili kwa jina la bei ya uhda, na wako walioivumilia kwa ajili ya haja za watu. Lakini asili ya madhehebu ni kwamba sharti la kurejeshana likitiwa ndani ya akdi, bei ile imeharibika. Basi asiyetaka shaka katika dini yake asiitie nyumba ya watoto wake katika mlango huu kwa ajili ya rasilmali ya duka.

FASLU YA TATU: Kiradhi

Mlango mpana wa rasilmali ni kiradhi, ambao wengine huuita mudharaba: huyu hutoa fedha, yule hufanya biashara, na faida ni yao wote wawili kwa fungu walilopatana. Mtume s.a.w. kabla ya utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija r.a. hata Sham, pamoja na mtumishi wake Maisara, akarejea na faida njema. Uaminifu wake ndio uliomfanya Bibi yule amkabidhi mali yake.

Na katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari ya Abdallah na Ubaidallah, wana wa Sayyidna Umar r.a. Walipita Basra, na liwali wake Abu Musa al-Ashari akawakopesha mali ya Hazina iliyokuwa iende Madina, wanunue bidhaa za Iraki, wauze Madina, rasilmali waitoe na faida iwe yao. Sayyidna Umar akawauliza kama jeshi lote limekopeshwa kama wao. Walipokubali kwamba sivyo, akataka watoe mali yote na faida yake. Abdallah akanyamaza. Ubaidallah akasema kwamba mali ile lau ingalipotea, wao ndio wangaliilipa. Mtu mmoja katika majlisi akashauri iwe kiradhi, na Sayyidna Umar akachukua rasilmali na nusu ya faida, na wanawe wakapata nusu. Hii ndiyo insafu ya kiongozi hata juu ya damu yake.

Masharti ya kiradhi katika madhehebu ya Shafii ni haya. Kwanza, rasilmali iwe fedha taslimu, si bidhaa. Mwenye kumpa kijana robota za nguo na kumwambia faida ni nusu kwa nusu, hajafunga kiradhi sahihi. Na wanavyuoni wa zama hizi wameipa fedha ya karatasi hukumu ya dirhamu na dinari. Pili, kiasi chake kijulikane, na ikabidhiwe mikononi mwa mfanya kazi. Mwenye mali asishikilie mfuko, akitoa na kuzuia. Tatu, kazi iwe ni biashara, kununua na kuuza. Nne, faida igawanywe kwa fungu linalojulikana, nusu au thuluthi au robo, wala isiwe kiasi maalumu kama shilingi 5,000 kila mwezi.

Na khasara ni ya mwenye mali, ila mfanya kazi akifanya khiyana au uzembe au akivuka mipaka aliyowekewa. Yeye ni amini, na neno lake kwa kiapo hukubaliwa katika kupotea kwa mali. Wala asiuze kwa deni, wala asisafiri na mali, ila kwa idhini.

Mfano. Mzee ametoa shilingi 100,000, faida nusu kwa nusu. Katika miezi ya kwanza imepotea 20,000, kisha ikapatikana 30,000. Faida si 30,000, kwani khasara hufidiwa kwanza. Faida ni 10,000, kila mmoja achukue 5,000. Na lau khasara ile isingalifidiwa, mzee angalirejeshewa 80,000, na kijana angalikosa ujira wa jasho lake. Huyu amepoteza mali na huyu amepoteza kazi, na hii ndiyo haki iliyomo katika kiradhi.

Lakini tazameni yanayofanywa. Mtu hutoa fedha na kuiita kiradhi, kisha husema: rasilmali yangu irejee kamili vyovyote itakavyokuwa, na kila mwezi niletewe kiasi kadha. Huyu hakutoa kiradhi, amekopesha kwa riba akaivika kilemba. Anataka faida ya mfanya biashara na usalama wa mwenye kulala. Na kiradhi kikiharibika sharti lake, faida yote hurejea kwa mwenye mali, na mfanya kazi ana haki ya ujira wa mfano wake, kiwe kimeleta faida au hakikuleta. Basi mwenye mali aogope pande zote mbili.

FASLU YA NNE: Fundi, mwoka mikate na mvuvi

Mas-ala haya wengi hawayajui. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja ya kwamba mwenye kumpa mtu fedha anunue ngano, aisage na kuoka mikate, faida wagawane, kiradhi chao hakifai, kwani kusaga na kuoka ni kazi ya mkono, si biashara. Kwa hiyo cherehani ya fundi, tanuri ya mwoka mikate na randa ya seremala haviingii katika kiradhi kwa madhehebu haya.

Na vivyo hivyo mvuvi. Ada ya pwani ni mwenye chombo na nyavu kuwapa wavuvi, kisha kuchukua fungu katika samaki. Kwa Shafii samaki ni wa mvuvi aliyevua, na mwenye nyavu ana haki ya ujira wa nyavu zake. Imamu Ahmad ameruhusu kugawana kwa fungu, na katika kutofautiana kwa maimamu mna rehema. Lakini anayetaka kubaki ndani ya madhehebu yake, njia zipo tatu. Ya kwanza ni kukodisha chombo kwa ujira maalumu kwa muda maalumu. Ya pili ni mwenye chombo kumwuzia mvuvi nusu yake kwa bei iliyokatwa, alipe kidogo kidogo, wala bei isizidishwe akichelewa.

Ya tatu ni sharika, wote wawili watoe fedha na kuzichanganya hata zisijulikane, na kila mmoja ampe mwenziwe idhini ya kuuza na kununua. Na hii hufaa katika biashara, kama kununua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka sokoni. Faida na khasara katika sharika huenda kwa kadiri ya mali. Aliyetoa thuluthi hupata thuluthi, na hubeba thuluthi. Wakishartiana kinyume cha hayo akdi imeharibika. Na sharika ya watu wawili wasio na mali, kila mmoja kutegemea kazi ya mwenziwe tu, Shafii haikubali.

FASLU YA TANO: Salamu, upatu na karadha njema

Watu wa Madina walikuwa wakilipana fedha mbele kwa tende za mwaka na miaka 2. Ibn Abbas r.a. amepokea kwamba Mtume s.a.w. hakuwazuia, bali aliwaamuru iwe kwa kipimo maalumu, uzani maalumu na muda maalumu. Hii ndiyo bei ya salamu, na ni rasilmali kubwa kwa mkulima na mnunuzi wa mazao. Muuza nguru wa nazi hupokea leo bei kamili, katika majlisi ile ile, kisha huleta baada ya miezi 3 ratili walizopatana, kwa sifa walizopatana. Bei isipotolewa yote kabla ya kuachana, salamu haikuswihi. Wala haifai kutaja mazao ya shamba moja dogo kwa jina lake, kwani huenda likaharibika. Naye mnunuzi asiyauze kabla ya kuyapokea.

Ama upatu, ambao watu hutoa sawasawa kila wiki au kila mwezi na mmoja wao hupewa wote kwa zamu, wanavyuoni wa Shafii wameutaja. Kalyubi katika hashia yake ameueleza upatu wa wanawake wa zama zake, akanakili kutoka kwa Wali al-Iraki kwamba wafaa. Kwa sharti kila mmoja apate kadiri aliyotoa, asipunjwe wala asizidishiwe, na aliyekwisha pokea asikimbie na zamu za wenziwe. Watu 10 wenye kutoa 10,000 kila mwezi humwekea mmoja wao 100,000 mkononi bila ya riba na bila ya rehani. Rehani yao ni uso wa mtu mbele ya jirani zake.

Na karadha njema ni kumkopesha mwenzio na kurejeshewa kiasi kile kile. Mkopaji akiongeza kwa hiari yake bila ya sharti, ni suna. Abu Rafii amepokea kwamba Mtume s.a.w. alikopa ngamia mchanga akalipa aliye bora kuliko yule. Na mdaiwa akidhikika, aya ya 280 ya Bakara imeamuru angojewe hata apate, na kumsamehe ni bora.

FASLU YA SITA: Zaka ni rasilmali

Jambo hili limesahauliwa na matajiri wetu. Wengi hugawa zaka kwa sarafu, kila fakiri mlangoni hupata kidogo, na mwaka wa pili hurejea yule yule katika safu ile ile. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amebainisha katika Majmuu ya kwamba fakiri mwenye ujuzi wa kazi hupewa cha kumtosha katika kazi yake. Mwenye kuuza mboga hupewa dirhamu 5 au 10, na mwenye kazi ya johari, asipoweza kuchuma kwa pungufu, hupewa hata dirhamu 10,000. Fundi nguo, seremala na mchinjaji hupewa cha kununulia zana zao.

Basi huyu fundi ambaye mlango wa kiradhi umemfunga, mlango wa zaka umemfungulia. Lau matajiri wa mtaa mmoja wangalikusanya zaka zao, wakatazama mafakiri wao mmoja mmoja, huyu wakampa cherehani, yule nyavu, yule fedha ya kuanza genge, baada ya miaka michache wako miongoni mwao ambao wangalihesabiwa katika watoaji, si katika wapokeaji. Kutoa hivi si bidaa. Ni maandishi ya madhehebu yenyewe, na aliyeyaacha ndiye wa kuulizwa sababu.

FASLU YA SABA: Amana na kalamu

Masharti yote haya husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni amana. Imepokewa na Abu Daud, katika hadithi kudusi, ya kwamba Mwenyezi Mungu ni wa tatu pamoja na washirika wawili maadamu mmoja wao hajamkhini mwenziwe. Akimkhini, huondoka baina yao. Na Urwa al-Bariki r.a. alipewa na Mtume s.a.w. dinari 1 anunue kondoo. Akanunua wawili kwa dinari ile, akauza mmoja kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari pia. Angaliweza kunyamaza juu ya dinari ile, na nani angalijua? Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Kijana aliye na sifa hii, fedha za watu humtafuta yeye.

Ya pili ni kalamu. Aya ya 282 ya Bakara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, imekuja kwa ajili ya kuandika deni na kushuhudisha. Watu wa pwani huona haya kuandikiana, ndugu kwa ndugu na jirani kwa jirani, husema: sisi twaaminiana. Kisha mmoja hufa, na warithi wakagombana juu ya kaburi bichi. Kuandika si kutoaminiana, ni kutii amri. Na yaandikwe haya: kiasi, fungu la faida, siku ya kukabidhiana, na mashahidi wawili. Na hesabu ifunguliwe kwa wakati wake, hata kama faida ni kidogo.

Wala deni si jambo la mchezo. Salama bin al-Akwaa r.a. amepokea kwamba ililetwa jeneza la mtu aliyeacha deni la dinari 3 wala hakuacha kitu, na Mtume s.a.w. akawaambia watu wamsalie wao, hata Abu Katada alipodhamini deni lile ndipo akamsalia. Ikiwa dinari 3 ziliweza kuchelewesha sala ya Mtume, basi ajitazame anayekopa shilingi elfu mia kwa ajili ya harusi akaziita za biashara.

KHATIMA

Basi enyi vijana, anzeni na kilicho mkononi, na mkitaka mali ya mtu iendeeni kwa akdi sahihi na uso mkunjufu. Nanyi wazee mlio na fedha, itoeni kwa kiradhi mkikubali khasara kama mnavyopenda faida, au kwa karadha mkitaraji malipo ya Akhera, au kwa zaka mkiinua aliyeanguka. Na kabla ya kufunga akdi, mfikieni mwenye elimu, kwani kuuliza ni rahisi kuliko kubatilisha baada ya kula.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Zibariki biashara za Waislamu, uwalipie wenye madeni, na utujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amin.